Programu ya tangi isimame pampu inapozimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaounda programu za kukisia maji na stima kwenye majumba ya ghorofa hapa Mombasa. Kamati ya jengo letu hapa Tudor ilionyeshwa moja. Kazi yenyewe inapendeza, ila kwenye skrini maji yalipanda yakapita mdomo wa tangi, na muuzaji alipoulizwa akajibu, "Tutafupisha hatua za hesabu," yaani kompyuta iruke muda mfupi zaidi kati ya hesabu moja na nyingine. Jibu hilo ndilo ninalolipinga.

Tuchukue tangi lenye eneo la mita mbili za mraba. Pampu inaingiza lita 50 kwa dakika na wapangaji wanatumia 10, kwa hiyo maji yanapanda sentimita mbili kila dakika. Boya linazima pampu maji yakifika sentimita 150, na haliiwashi tena mpaka yashuke hadi 50. Programu inahesabu kwa hatua za dakika tano. Maji yako 147 na pampu inavuma. Programu inajumlisha kumi, inapata 157. Kumbe boya lilikata baada ya dakika moja na nusu, na kwa dakika tatu u nusu zilizobaki maji yalikuwa yakishuka nusu sentimita kila dakika. Jibu la haki ni 148.25. Tofauti hiyo ni lita 175, karibu mitungi tisa ya lita ishirini, na wanaonunua maji kwenye mkokoteni wanajua hiyo ni pesa ngapi.

Najua wapo watakaosema dawa ni Runge-Kutta. Fomula hiyo, ya Wajerumani Carl Runge (1895) na Wilhelm Kutta (1901), huchungulia kasi ya maji kupanda au kushuka mara nne ndani ya kila hatua kisha hupiga wastani. Nimeijaribu kwa kalamu kwenye tangi hilohilo. Uchunguzi wa kwanza unaikuta pampu inavuma, wa pili imezimwa, wa tatu inavuma, wa nne imezimwa. Pampu gani hiyo! Jibu linatoka 150.75. Fomula haina lawama. Sifa yake ni kwamba ukiigawa hatua nusu kwa nusu, kosa hupungua kama mara 16, lakini sharti kasi iwe inabadilika polepole bila kukatika. Ikikatika ghafla, kosa kwa kawaida hupungua nusu tu. Ukishuka hadi hatua za sekunde moja, mwezi wa siku 30 unakudai hatua 2,592,000, na bado hujaupata wakati kamili pampu ilipozima.

Kinachotakiwa ni programu iutafute wakati huo. Ikiona mwisho wa hatua umevuka 150, irudi nyuma, ipunguze pengo mpaka ipate mahali maji yalipogusa 150, ifunge hesabu hapo, ibadilishe kasi, kisha ianze upya kutoka hapo. Maji ya mfereji yanayokuja kwa zamu, tuseme saa kumi alfajiri, ni rahisi zaidi kwa sababu saa inajulikana: panga tu hatua imalizikie saa kumi.

Wala si lazima mtu aandike yote kwa mkono. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, solve_ivp, chombo cha kupiga hesabu za namna hii kilichomo katika maktaba ya SciPy, ina nafasi ya kutaja tukio la namna hii na kusimamisha hesabu linapofika. Tahadhari ni moja: inalinganisha mwanzo na mwisho wa hatua tu. Maji yakigusa alama na kurudi ndani ya hatua moja, itapita bila habari, kwa hiyo lazima uiwekee kikomo cha urefu wa hatua.

Kwa kamati nyingine zinazotaka kununua, mpeni muuzaji mfano wangu wa 147 na hatua ya dakika tano. Asipotoa 148.25, msitie saini.

Fundi mstaafu wa pampu,
Tudor, Mombasa