Kwa Idrisa, kuhusu yule mkuu wa rasilimali watu

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili na bado sikubaliani nawe. Unasema mkuu wa rasilimali watu wizarani ni msaidizi wa waziri, basi waziri amteue amtakaye. Ungekuwa unamsema mwandishi wa hotuba ningenyamaza. Lakini huyu ndiye anayesimamia ajira, vyeo na barua za onyo.

Kwa kuwa unapenda mifano ya Marekani, twende huko huko. Mwaka 1881 Charles Guiteau alimpiga risasi Rais James Garfield. Alijiona anastahili kupewa ukonseli wa Paris kama fadhila ya kampeni, akanyimwa. Mwaka 1883 ikaja Sheria ya Pendleton, na baadhi ya kazi zikaanza kutolewa kwa mtihani. Baadhi tu, maana mwanzoni iligusa takribani kazi moja katika kila kumi.

Mageuzi ya 1978 yakaunda kada ya watendaji waandamizi. Wateule wa kisiasa wasizidi asilimia 10 ya kada nzima, na nafasi ambazo wananchi lazima waamini hazina upendeleo zikatengwa kwa watumishi wa kudumu peke yao. Sasa cha ajabu: sheria ya 2002, iliyozitaka wizara na taasisi kubwa 24 ziwe na mkuu wa rasilimali watu, haikusema awe mtu wa kundi lipi. Mlango ukaachwa wazi, na mvutano haujaisha.

Hoja yako moja imenishika. Mtumishi wa kudumu asiyeaminiwa na waziri huachwa nje ya vikao. Niliwahi kufanya kazi na mmoja, mtu wa kanuni kwelikweli, aliyekuwa akipata habari za uhamisho wa watu wake kutoka kwa dereva! Hata hivyo, mteule huja na bosi wake na kuondoka naye, wakati kuandaa warithi wa nafasi za juu ni kazi ya miaka.

Tena niambie: siku jina la mtoto wa mfadhili wa chama litakapoletwa na hakufaulu usaili, nani atalikata? Huyo aliyeingia mwenyewe bila usaili?

Waziri awe na mshauri wake wa ajira, sina neno. Sahihi kwenye orodha ya waliofaulu ibaki kwa mtumishi wa kudumu. Nijibu hilo la usaili kwanza, mengine tutabishana tukionana.

Wako,
Salim