Sheria ya taarifa binafsi ianzie kwenye karatasi ya karanga

Ndugu Mhariri,

Salaam na poleni na majukumu. Mi nina steshenari huku Mbagala, natoa kopi, naprinti, naskani, napiga laminesheni na paspoti saizi, mwaka wa tisa sasa. Nimeona niandike kuhusu hizi taarifa zetu binafsi maana kila nikisikia redioni wanaongelea ulinzi wa taarifa naona wanaongelea seva na mitandao na wadukuzi wa huko mbali, wakati mimi nikiinama tu chini ya meza yangu nakuta boksi limejaa sura za watu na namba zao za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa.

Niseme boksi lenyewe lilivyo. Kopi ikitoka imefifia, au imekaa upande, au mteja kasema mbili kumbe anataka moja, ile ya ziada inatupwa kwenye boksi la rimu. Likijaa, kwa miaka mingi lilikuwa linachukuliwa na dada mmoja anayeuza karanga na ubuyu pale stendi, ananipa buku au ananiachia karanga, anakata zile karatasi anakunja pembe anafungia. Mimi sikuona tatizo, yeye hakuona, na wateja wangu waliokuwa wananunua hizo karanga nao hawakuona.

Mwaka jana kipindi cha masika binti mmoja akaja dukani jioni, mteja wangu kabisa, kashika pembe ya karanga kaikunjua. Akaiweka kaunta akasema, "Kaka, hii si mimi?" Ilikuwa kopi ya kitambulisho chake cha taifa, majina yote matatu, sahihi, tarehe ya kuzaliwa na namba zote 20, katikati ina doa la mafuta. Na upande wa kushoto kuna mstari mwembamba mweusi unashuka mpaka chini. Ule mstari ni wa mashine yangu, ngoma yake ina mkwaruzo tangu fundi mmoja aifungue vibaya, kila kopi inayotoka kwangu inao. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamuomba radhi mbele ya wateja wengine, na yeye wala hakugomba, alichosema tu ni kwamba wiki ileile kuna mtu kampigia, kamtaja majina yote matatu, anajifanya wa mtandao wa simu anataka "kumsaidia kuhakiki laini". Siwezi kusema huyo mtu alipata majina kwenye pembe ya karanga. Kitambulisho hakina namba ya simu. Lakini fomu za mikopo zinayo, barua za maombi ya kazi zinayo, na hizo nazo zilikuwa kwenye boksi lilelile.

Usiku ule nikafunga duka nikalimwaga boksi lote sakafuni. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, slipu ya mshahara ya mwalimu, barua ya serikali ya mtaa yenye picha na mhuri, na kilichoniumiza zaidi ni karatasi moja ya kikundi cha akina mama wanaoomba ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wanachama wote kwenye ukurasa mmoja, jina, simu, namba ya NIDA, sahihi, mstari kwa mstari. Yaani tapeli hahitaji kompyuta wala utundu wowote, anahitaji karanga za mia mbili.

Na wengi hatujui namba ya NIDA inasema nini. Zile tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu akiiona hiyo namba tayari kajua umri wako, na nikwambie ukweli Mhariri, watu wengi huku mtaani namba yao ya siri ya kutolea pesa kwenye simu ni mwaka wa kuzaliwa, najua kwa sababu wananitajia kwa sauti pale dukani bila hata kuulizwa wakitaka nilipie kitu kwa simu zao. Ukishakuwa na jina, simu, na mwaka wa kuzaliwa, ile meseji ya "hela nitumie kwenye namba hii" inakuwa na jina lako ndani, na mzee aliyeko kijijini akiona jina la mwanae anatuma. Shangazi yangu alituma laki na themanini. Alikuwa anaziweka za bati.

Sasa sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia hapahapa Dar mwezi Aprili 2024. Nimeisoma, si yote lakini nimeisoma, mteja mmoja alikuja kuiprinti nikamuomba nijitolee nakala. Imeandikwa vizuri tu. Inasema taarifa zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zisizidi zinazohitajika, zisikae kuliko muda unaohitajika, na haisemi kompyuta peke yake, taarifa iliyoandikwa kwa namna yoyote ile inahusika. Kwa hiyo pembe ya karanga imo. Daftari la getini limo. Na mimi nimo, nilikuwa navunja sheria kila wiki na hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia.

Hili la daftari la getini naomba nilikalie kidogo. Mwezi uliopita nilipeleka kazi ya kadi kwenye ofisi moja huko mjini Posta. Getini mlinzi ananisukumia kaunta buku, peni imefungwa kamba, jaza: jina, unakotoka, namba ya simu, unamfuata nani, saa, sahihi. Wakati naandika mstari wangu naona mistari ya watu 14 juu yangu, naona nani kaja kumuona nani na simu yake. Mtu yeyote anayefuata nyuma yangu anaona yangu. Mpwa wangu wa kike alishaacha namba yake halisi kwenye daftari kama hilo akienda kupeleka maombi ya fildi, yale mafunzo ya kazini ya wanafunzi, usiku saa nne anapigiwa na mwanaume asiyemjua, anamwambia nilikuona leo getini umevaa gauni la bluu. Mtoto wa miaka 20. Ilibidi abadilishe laini. Watu watasema ni mambo ya usalama, na mimi usalama naukubali, ila nauliza, hilo daftari likijaa linakwenda wapi? Nimemuuliza yule mlinzi, akasema huwa linawekwa tu pale chini ya ngazi. Hakuna siku mtu amelifungua kumtafuta mhalifu. Jina na saa vinatosha, na kama lazima namba ya simu ichukuliwe basi kila mgeni apewe kikaratasi chake ajaze, akitoka kikaratasi kinakaa kwenye boksi lenye kufuli.

Kwa mawakala wa pesa ni hivyohivyo, daftari liko wazi kwenye dirisha, jina, namba, kiasi ulichotoa. Anayesubiri nyuma yako anajua una shilingi ngapi mfukoni kabla hujapanda bodaboda.

Kinachonishangaza ni kwamba serikali yenyewe ilishatuonyesha kopi si lazima. Tukumbuke zamani ukisajili laini unapeleka kopi, ya kadi ya mpiga kura, ya kitambulisho cha kazi, ya chochote. Ikaja 2019 tukaambiwa ni kidole na namba ya NIDA, mwisho ukawa tarehe 31 Desemba, ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, foleni zile wote tunazikumbuka. Toka hapo laini inasajiliwa bila karatasi, mfumo unaongea na NIDA wenyewe unajibu ndiyo ni yeye au siyo. Hata pale kulikuwa na wizi wake, wale vijana wa mwavuli walikuwa wanakwambia "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine kwa jina lako, na mpaka leo nawaambia wateja wangu wapige *106# waone laini ngapi ziko kwa majina yao. Lakini jambo lenyewe liliwezekana. Sasa kama laini ya simu ya buku inaweza kuhakikiwa bila kopi, kwa nini mtendaji wa mtaa anataka kopi mbili? Kwa nini shule inataka kopi ya mzazi, mwenye nyumba anataka kopi, SACCOS inataka kopi, ofisi ya fildi inataka kopi tena iliyogongwa mhuri wa mwanasheria? Mi nakula kwa hizo kopi, mia mia yangu iko humo, na bado nasema zipunguzwe.

Na inawezekana pia kuchukua hatua, tumeona. Zile aplikesheni za mikopo zilizokuwa zinachota majina yote kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili zinatuma meseji kwa bosi wako na wakwe zako kwamba wewe ni mdaiwa sugu, watu wamelia sana, na Benki Kuu Novemba 2024 ikatoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zisizo na kibali. Nilifurahi sana siku ile. Ina maana wakubwa wakiona watu wanadhalilika wanaweza kusimama. Basi washuke na huku chini, huku kwenye karatasi, maana yule mwenye aplikesheni alihitaji simu janja yako na bando, huyu wa karatasi hahitaji chochote.

Ninachoomba kwa Tume hakihitaji bajeti kubwa. Waanze na ofisi za serikali zenyewe, kuanzia serikali za mitaa, kwamba ofisi ikiweza kuiona namba na kuihakiki isichukue kopi, na ikichukua basi iandikwe juu yake kwa peni "kwa ajili ya mkopo wa kikundi" au chochote kile ili isitumike kwingine, na kikundi kikinyimwa mkopo kirudishiwe karatasi zake, sio zibaki zinazagaa kabatini mpaka ofisi ihame. Halafu watuandikie sisi wenye steshenari ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wa kubandika ukutani: kopi mbovu inaharibiwa vipi, mteja akisahau kitambulisho kwenye mashine unafanya nini, mtu akifungua akaunti yake ya maombi ya ajira kwenye kompyuta yako akaondoka bila kutoka unafanya nini. Hii ya mwisho ni kila siku, nikifungua kompyuta asubuhi nakuta vyeti vya watu kumi kwenye faili la dauniloadi, na kijana ninayemuachia duka ni mwaminifu lakini kesho ataondoka na atakuja mwingine.

Ila nawaomba wasianze na faini. Hili nalisema kwa kuwa linanihusu na silifichi. Wakija na mlolongo wa kujisajili na ada kwa mtu mwenye mashine moja ya kopi na feni, sisi tutafunga au tutajificha, na boksi litaendelea kwenda stendi. Watufundishe kwanza, wakague baadaye, na atakayekutwa anauza karatasi za watu baada ya kufundishwa huyo wamchukulie hatua na mimi nitashangilia.

Na sisi wananchi nasi tubadilike kidogo. Ukitoa kopi ondoka na zote, hata iliyofifia, ni yako umeilipia. Usinitumie kitambulisho chako kwa WhatsApp halafu ukakiacha humo, nikumbushe nikifute ukiwa umesimama mbele yangu. Meseji ya utapeli ikija ipeleke 15040, usiifute tu ukasonya.

Kwangu mimi sasa hivi kopi mbovu naziloweka kwenye ndoo ya maji na sabuni ya unga, zinalala usiku mzima, asubuhi nazifinya kwa mkono mpaka herufi zinapotea, ndo natupa. Inachukua dakika kumi. Yule dada wa karanga namnunulia magazeti ya zamani kwa kilo, mwanzoni aliniona namnyima, nilipomuonyesha kopi ya kitambulisho cha mama yake mzazi kwenye rundo alilokuwa amebakiza akanyamaza akazichukua zote akanirudishia. Binti wa ile pembe bado anakuja. Akitoa kopi anasubiri mpaka mashine inyamaze, anainama anaangalia chini ya meza, ndo analipa.

Maafisa wa Tume wakitaka kuona ninachokisema waje, si lazima waje na gari la serikali. Ile ndoo iko nyuma ya mlango na daftari la wateja nilishaondoa kipengele cha simu. Nafunga saa mbili usiku, Jumapili nafungua mchana.

Mwenye steshenari,
Mbagala, Dar es Salaam