Barua ya malalamiko: rimoti mliyonifungia iliwasha injini boneti ikiwa wazi

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFAA CHA KUWASHIA GARI KWA RIMOTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Wiki saba zilizopita nilileta gari langu kwenye karakana yenu nikafungiwa kifaa cha kuwashia injini kwa rimoti. Nililipa pesa yote siku ileile, nikaondoka na risiti, boksi la kifaa na neno la fundi wenu kwamba kila kitu kimejaribiwa na kinafanya kazi. Jumamosi iliyopita kifaa hicho kiliwasha injini boneti ikiwa wazi na fundi mwingine akiwa ameinama pale mbele. Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika barua hii. Mengine nitakayoyataja, ya betri na ya ufunguo, ningeweza kuyamaliza nanyi kwa simu. Hili siwezi.

Ilikuwa hivi. Mkanda wa alteneta ulikuwa unalia kila asubuhi, nikampelekea gari fundi wangu wa siku zote aubadilishe. Injini imezimwa, ufunguo nimeuchomoa, nao uko mfukoni mwangu pamoja na rimoti yenu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi hatua chache kutoka pale. Fundi alikuwa ameingiza spana namba 14 kwenye boliti ya kukazia mkanda, na mkono wa kushoto ameushika mkanda wenyewe. Akauachia, akageuka kuchukua kitambaa afute grisi kwenye viganja. Wakati huohuo nami nikatia mkono mfukoni nitoe simu. Stata ikapiga, injini ikawaka. Mkanda uliikumba ile spana ukairusha, ikapiga kava la feni likapasuka, kisha ikaanguka chini ya gari. Fundi alibaki amesimama na kitambaa chake, hasemi neno, anautazama mkono wa kushoto. Mimi nabonyeza rimoti injini izime, vidole vinatetemeka, nakosea kitufe.

Kama angechelewa kugeuka, barua hii ingekuwa na habari nyingine, na huenda isingeandikwa na mimi bali na wakili.

Nilipotulia swali lilikuwa moja tu: kwa nini gari limekubali kuwaka boneti ikiwa wazi? Nilirudi nyumbani nikalifungua boksi mlilonikabidhi, nikasoma kitabu cha maelekezo, kitu ambacho nakiri sikukifanya mwanzo kwa kuwa nilikuwa nimewalipa watu wanaoijua kazi. Humo ndani ya boksi nikaikuta swichi ya boneti. Ni kidude kidogo, kipini chenye springi, na kilikuwa kwenye mfuko wake wa nailoni ambao haujawahi kufunguliwa. Kitabu kinaeleza waziwazi: swichi hiyo hufungwa ukingoni mwa chumba cha injini, boneti ikifunguka kipini kinanyanyuka na kuugusisha waya wa kijivu na athi, yaani bodi ya gari, na kifaa kikishaona hivyo kinakataa kuwasha hata ubonyeze mara ngapi. Kitabu kimeiweka kwenye ukurasa wa tahadhari na kusema lazima ifungwe.

Jumatatu nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari. Alifungua plastiki ya chini ya usukani, akamulika tochi, akaniita nione mwenyewe. Waya wa kijivu ulikuwa umekunjwa kunjwa, umezungushiwa selotepu nyeusi na kusukumwa nyuma ya sanduku la fyuzi. Haukufika popote. Kwa jinsi kifaa chenu kinavyoona, boneti ya gari langu haijawahi kufunguliwa tangu siku mliponifungia.

Naomba nieleze ninavyolielewa jambo hili, ili msije mkaniona mteja anayelalamikia waya mmoja. Ukiwasha gari kwa ufunguo, wewe mwenyewe upo. Unaona kama boneti imefunguliwa, unaona kama kuna mtu amelala chini, mguu wako uko kwenye breki, mkono unajua gia iko wapi. Ukiwasha kwa rimoti ukiwa nyuma ya ukuta, hayo yote hayapo. Badala ya macho na mguu wa dereva, kifaa kina nyaya tatu nne: wa boneti, wa breki, wa gia, na kwenye gari la gia za mkono unaongezeka wa handibreki. Ukimwacha mteja bila nyaya hizo umempa stata inayopigwa na mtu asiyeona kitu. Kufunga nyaya za kuwashia ni nusu tu ya kazi, na fundi wenu alifanya nusu hiyo akaiita kazi nzima.

Waya wa breki nao ulikutwa na kasoro yake. Huo hutakiwa kuonyesha volti 12 pale pedali inapokanyagwa, na kazi yake ni kuzima injini iliyowashwa kwa rimoti endapo mtu asiye na ufunguo ataingia na kutaka kuondoka na gari. Kwenye gari la otomatiki gia haitoki P, ile ya kuegesha, bila kukanyaga breki, kwa hiyo waya huo ndio mlango wenyewe. Wangu ulikuwa umeungwa kwa kibanio cha plastiki kile kinachochoma waya bila kuumenya. Kilikuwa kimekamata uzi mmoja wa shaba, nyingine zimekatika. Fundi wa umeme aliliwasha gari kwa rimoti, akakanyaga breki, akatia D, gia ya kwenda mbele, gari likaanza kusogea bila ufunguo wowote kwenye swichi. Nilikuwa nimesimama pembeni naangalia gari langu linaondoka kama mali isiyo na mwenyewe.

Viunganishi hivyo vya kubana vimetumika kote. Nilivihesabu vilivyoonekana, vilikuwa tisa. Sisemi havifai mahali popote, lakini waya wa stata na waya mkuu wa moto hupitisha umeme mwingi, na kwenye mtikisiko wa gari kibanio kinalegea, kinapata moto, plastiki inaanza kuyeyuka. Kimoja tayari kilikuwa na rangi ya hudhurungi ukingoni. Kwenye risiti yenu mmeandika nyaya zitalehemiwa. Hakuna hata kiungo kimoja kilicholehemiwa.

Sasa niseme habari ya betri, kwa sababu hapo mlinipotosha kwa maneno. Wiki ya pili baada ya kufungiwa, niliegesha gari Alhamisi jioni, Jumatatu asubuhi halikuwaka. Nikawapigia. Dada wa mapokezi alinipokea vizuri, akamuuliza fundi, akanijibu kwamba betri imechoka ninunue nyingine. Nikanunua. Betri mpya nayo ikalala baada ya siku tano. Fundi wa umeme alipoweka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye gari lililozimwa na kufungwa, alisoma ampea 0.35. Alipochomoa fyuzi ya kifaa chenu ikashuka hadi 0.03. Gari zima huwa halitakiwi kuzidi 0.05 likiwa limelala. Piga hesabu: kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 84, mara 0.35 ni ampea-saa 29 na ushee, na betri yangu ni ya 60. Ilikuwa inanyonywa karibu nusu yake kila gari linapopumzika mwisho wa wiki. Kisababishi ni relei mbili za kifaa chenu, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zilizobaki zimeshika muda wote, ukizigusa zina joto. Ile betri ya kwanza niliitoa ikiwa nzima.

Na moja ya relei hizo ndiyo ya ufunguo. Siku ya kufunga, fundi wenu aliniomba ufunguo wa akiba, akasema anauhitaji kwa ajili ya imobilaiza, ule mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu ya ufunguo halali. Nikampa nikidhani ataurudisha. Nilipouliza jioni akasema "umeshaingizwa kwenye mfumo," nikaelewa kama mtu asiyejua anavyoelewa. Kumbe ufunguo wenyewe, na chipu yake, umefungwa kwa tepu nyuma ya dashibodi, umezungushiwa koili ya waya mwembamba inayoifanya imobilaiza iisome chipu hiyo. Najua njia hiyo inatumika na wafungaji wengi. Lakini inatakiwa koili iunganishwe kwa sekunde zile tu ambazo rimoti inawasha gari, kisha ikatike. Ya kwangu imeunganishwa moja kwa moja. Maana yake gari langu kila saa linaamini ufunguo halali upo ndani, na yeyote atakayeweza kuizungusha swichi kwa nguvu atakuta imobilaiza imeshamfungulia njia. Kwa wiki saba nimekuwa nikilala nikijua gari lina ulinzi, na ulinzi ulikuwa umeondolewa bila mimi kuambiwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halijanidhuru bado, ila ndilo linaloninyima usingizi. Gari langu hulala kwenye gereji iliyoungana na nyumba, na ukuta wa gereji ndio ukuta wa chumba cha mama yangu. Mama ana pumu. Kwa kweli ni kwa ajili yake niliitaka rimoti hii: gari likishinda juani ndani kunakuwa tanuri, nilitaka kiyoyozi kiwe kimetangulia kabla hajaingia. Fundi wenu alipanga kifaa kiwake kwa mbonyezo mmoja. Kitabu kinasema kinaweza kupangwa kwa mibonyezo miwili, hasa kuepusha kitufe kubonyezwa mfukoni. Rimoti yenyewe ni ya njia moja, haikuambii kama gari limewaka. Muda wa kukaa limewaka ameuweka dakika 15. Mtu akiikalia rimoti usiku kwenye kochi, gari litawaka gerejini milango imefungwa, na moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hakuna aliyeniuliza gari linalala wapi. Hakuna aliyeniambia nisiache rimoti ovyo. Swali moja la nusu dakika pale mapokezi lingetosha.

Baada ya haya yote, Jumatano niliwapigia tena. Nilimpata msimamizi wa karakana. Aliniambia swichi ya boneti "wateja wengi hawaitaki kwa sababu inaongeza muda wa kazi." Mimi sikuulizwa. Tena muda unaoongezeka ni wenu, mkono unaokatika ni wa mtu mwingine. Akaongeza kwamba kosa ni la fundi wangu kufanya kazi bila kuchomoa betri. Fundi wangu aliona gari lisilo na ufunguo kwenye swichi. Hakuna kibandiko chochote chini ya boneti kinachomwonya kwamba gari linawaka kwa rimoti, ilhali vibandiko viwili vya onyo vimo ndani ya boksi, bado kwenye karatasi yake, pamoja na ile swichi. Kumlaumu yeye sikubali, na naomba kauli hiyo ifutwe.

Fyuzi ya kifaa nimeichomoa na itabaki hivyo. Ninachodai ni hiki. Kwanza mnirudishie pesa yote ya kifaa na ya kufunga, pamoja na gharama ya betri niliyonunua kwa ushauri wenu, kava la feni lililopasuka, na malipo ya fundi wa umeme aliyekagua. Kifaa kiondolewe na nyaya za gari zirudishwe zilivyokuwa, kila palipochomwa palehemiwe na kufunikwa vizuri. Kazi hiyo ifanywe na fundi nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu, kwani gari langu sitalirudisha kwenye karakana yenu. Ufunguo wangu wa akiba ukishatolewa nyuma ya dashibodi nitabaki nao. Majibu nayahitaji kwa maandishi ndani ya siku 14, si kwa simu.

Dai la mwisho halihusu pesa yangu, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Fundi aliyenifungia alikuwa na magari mengine mawili yanasubiri siku ile, na nina hakika hakuyafungia tofauti na langu. Wapigieni wateja hao na wote waliofungiwa na karakana yenu. Waiteni, mfungue boneti mbele yao, na mbonyeze rimoti. Gari likiwaka, swichi haipo. Kisha mliwashe kwa rimoti na kukanyaga breki bila ufunguo. Lisipozima, waya haujaungwa. Kazi hiyo haimalizi dakika tano kwa gari. Kama kati yao kuna lenye gia za mkono, anzeni na hilo leo: gari langu liliwaka likiwa P likabaki mahali pake, lakini lile lililoachwa ndani ya gia litaruka mbele stata itakapopiga, na mtu aliyeinamia boneti hana pa kukimbilia. Nataka kwenye majibu yenu mnieleze mmewapigia wangapi.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za waya wa kijivu, kibanio cha breki, ufunguo uliofungwa kwenye koili, usomaji wa multimita kabla na baada ya kuchomoa fyuzi, na ripoti ya fundi wa umeme yenye sahihi yake. Swichi ya boneti ninayo, bado iko kwenye mfuko wake. Mkituma mtu kuiona aje, nitampokea, ila haitatoka mikononi mwangu hadi shauri hili limalizike.

Wenu,

Mteja mwenye gari