Njia ya mlimani ni ya jembe, si ya greda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu njia za miguu za mkoa wetu wa Kigoma. Utalii wa kutembea unatajwa sana siku hizi, na unastahili kutajwa. Tuna vilima vya Kalinzi, tuna bonde la mto Luiche linaloshuka hadi ziwani upande wa Ujiji, na mashariki tuna ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi yenye hekta 3,250,000, ya kwanza ya Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Njia nazo zipo. Wachuuzi wa dagaa, wakulima wa kahawa na watoto wa shule huzipita kila siku. Ninachokiogopa ni namna ya kuziboresha. Likipanda greda na kukwangua mita nne za udongo kutoka bondeni moja kwa moja hadi kileleni, mvua zikaanza Novemba, kufikia Aprili palipokuwa na njia patakuwa na korongo.

Watu hulaumu udongo. Udongo wetu wa kichanga ni mwepesi kweli, lakini kosa ni la mchoro. Maji yakikuta njia inayoshuka sambamba na mteremko hayana sababu ya kuiacha, yataifuata mpaka chini yakizidi nguvu kila hatua. Njia ikikata mteremko kwa ubavu, maji huivuka tu na kuendelea na safari yake. Kwa hiyo wajenzi wa njia wana kanuni: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe. Kilima kinachopanda mita 30 kwa kila mita 100, njia yake isipande zaidi ya mita 15. Kwa vilima vyetu ningeshauri tusizidi mita 10 kwa 100, hata kama njia itakuwa ndefu mara tatu.

Kupima si kazi ya kuagizia mtaalamu Dodoma. Mpira wa maji wa fundi uashi unatosha. Chukua fito mbili na mpira unaoonyesha maji, wenye urefu wa mita 13 hivi. Fito moja isimame chini na nyingine mita 10 mbele kwa juu. Kwenye fito ya chini maji yakae mita 1.5 kutoka ardhini, kisha mwenzako asogee juu au chini ya mteremko mpaka maji ya upande wake yasimame nusu mita kutoka ardhini. Hapo ardhi imepanda mita 1 kamili kwa mita 10. Piga kigingi, songa mbele. Mpira ukiwa na povu ndani kipimo kitadanganya, kwa hiyo toa hewa yote kwanza.

Baada ya vigingi ni jembe na sururu. Upana wa sentimita 60 hadi mita 1 unatosha. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, safari ya kilomita 1,200 hivi, ilibeba maelfu ya wapagazi waliopita mmoja nyuma ya mwenzake. Njia nyembamba haipokei maji mengi. Chimba upana wote ndani ya kilima. Ukichimba nusu na kuitandaza ile nusu ya pili juu ya udongo uliomwagwa pembeni, ukingo utatitia msimu wa kwanza, na mtembeaji ndipo atakapoteleza. Udongo unaotoka utupwe mbali chini, usiachwe kama tuta kwenye ukingo wa nje, kwa sababu tuta hilo hugeuza njia kuwa mfereji. Ukingo wa nje uwe chini ya ule wa ndani kwa sentimita 5 kwa kila mita ya upana. Macho hayauoni mteremko huo, lakini maji yanauona.

Tena, kila mita 10 hadi 15 njia ishuke kidogo kabla ya kuendelea kupanda. Kibonde hicho ndicho kinachomwaga maji nje. Wengi huweka mawe ya kukinga maji badala yake, na huyaweka yakikata njia kwa msalaba. Maji hukusanyika nyuma ya mawe, mchanga hujaa, na mvua ya tatu au ya nne hupita juu yake kana kwamba hayapo. Kama ni lazima kuweka mawe, yalazwe kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, na theluthi mbili ya kila jiwe iwe ardhini. Penye kona, chagua sehemu yenye mwamba au mti mkubwa, ili anayeshuka asiione njia ya chini yake. Akiiona atakata mkato, na mkato mmoja huvuta maji ya kilima kizima.

Wanaopendekeza tuige njia za Uingereza watazame kwanza mwamba wa huko. Njia kama South Downs Way, kilomita 160, hupita juu ya vilima vya chokaa laini, nyeupe kama chaki ya ubaoni. Chokaa hiyo hunywa maji, mvua huzama na kwenda kutokea kama chemchemi chini ya kilima, ambako vijiji vingi vimejipanga. Huko njia ya mgongoni huweza kunyooka na isichimbike upesi, ingawa chokaa ikilowa huteleza kama sabuni. Vilima vyetu vina mchanga juu na mwamba mgumu chini. Maji hayana pa kuzama.

Bondeni taabu ni vivuko. Usivushe njia penye kona ya mto, kwani kingo ya nje huliwa kila mafuriko. Tafuta sehemu iliyonyooka, pana, yenye mawe. Kimo cha daraja kipimeni kwa takataka zilizonasa kwenye matawi tangu masika iliyopita, kisha ongezeni nusu mita. Kwetu gogo la mchikichi ndilo rahisi kupatikana, nalo ndilo linaloangusha watu: ndani ni nyuzi laini, huoza huku ganda likionekana zima. Lifae kwa msimu mmoja, lisihesabiwe kuwa daraja. Mbao ngumu ziombewe kibali cha kuvuna, na ncha zake zikae juu ya mawe, zisiguse udongo.

Kwenye tindiga la mafunjo mambo hugeuka. Silika ya kila mtu ni kuchimba mtaro pembeni ili njia ikauke. Msifanye hivyo. Udongo mweusi wa mboji ni majani yaliyooza na kushikwa na maji, na ukikaushwa husinyaa. Holme Fen, mashariki mwa Uingereza, kuna nguzo ya chuma iliyokitwa mwaka 1851, kichwa chake kikiwa sawa na ardhi. Leo imetokeza karibu mita 4, na nguzo haikupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka baada ya maji kuondolewa. Badala ya mtaro, inueni njia. Lazeni mafungu ya fito kwa kukingama na njia, chini kabisa ya maji, maana mti unaokaa majini muda wote hudumu, lakini unaolowa na kukauka huoza. Juu yake pangeni viroba vya mchanga mnene, kisha mfunike kwa udongo, kwani kiroba kilichoachwa juani huchanika baada ya miezi michache. Na kila mita 10 acheni pengo la maji kupita, lenye ubao juu. Tuta lisilo na mapengo hufurisha upande mmoja na kukausha mwingine, na mkulima aliyekaushiwa mpunga atalikata usiku. Simlaumu.

Jambo moja la usalama kwa njia za kando ya Malagarasi: msizipitishe juu ya njia za viboko. Ni rahisi kuzitambua, ni mifereji miwili sambamba yenye nyasi katikati. Mnyama huyo hutoka majini jioni kupitia hapo hapo, na hampishi mtu. Kwenye miyombo kuna mbung'o, ambao huvutwa na nguo za buluu na nyeusi.

Vibao viandikwe saa, si kilomita peke yake. Kipimo cha William Naismith wa Scotland, cha mwaka 1892, bado kinafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka ufukweni hadi kilele cha Nkungwe huko Mahale, mita 2,462 kutoka usawa wa bahari lakini karibu 1,690 tu kutoka ziwani, kupanda peke yake kunaongeza karibu saa 2 na dakika 50. Kwa jua letu mtembeaji abebe angalau nusu lita ya maji kwa kila saa.

Kabla ya kigingi cha kwanza, njia ipitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, la sivyo shamba likiuzwa njia nayo imefungwa. Kuchimba kuwe Mei, udongo ukiwa bado na unyevu, kwa sababu wa Agosti ni vumbi, haushikamani. Moto wa nyasi ukipita kilimani mwezi wa tisa, vibonde vyote vizibuliwe kabla ya mvua, maana majivu na udongo uliolegea huvijaza kwa siku moja. Na anayesimamia njia aende kuikagua mvua ikinyesha, jembe likiwa begani. Mvua ikishakatika, hataona tena maji yalipopita.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma