Masika yanakaribia, tukague gari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane nje ya uwanja wa Gombani, tukague gari kabla ya mvua. Waipa zikiacha mistari kwenye kioo, njoo na mpya. Kubadilisha ni kazi ndogo. Globu ya taa kubwa usiiguse kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono huiunguza mapema. Ishike kwa kitambaa kisafi.

Tairi ndilo linalonitia hofu. Ubavuni tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ndizo zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2318 ni wiki ya 23, mwaka 2018. Juzi nimelibonyeza langu kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka, na kashata, yaani meno ya tairi, bado nzima! Na la akiba mlitoe tulione, tafadhalini.