Mkwezi aliyeshonwa bega asiharakishwe mtini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mkwezi wa miti anayelalamikia bega miezi minne baada ya upasuaji "anadeka tu". Anasema yeye ni mwajiri wa wapogoa miti, na kijana wake mmoja alirudi juu wiki ya kumi, hana neno. Mimi nimekwea kwa kamba na msumeno miaka 19. Bega langu la kulia limeshonwa mara mbili, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kwanza tuelewane kinachoshonwa. Ukimwambia mtu "bega" anafikiria mfupa. Kumbe mfupa wa mkono pale begani umekaa kwenye kisahani kisicho na kina, kama yai juu ya kijiko, ndiyo maana mkono unazunguka kila upande. Kinacholizuia yai lisianguke ni misuli minne midogo inayolizunguka, kila mmoja umejishikiza kwenye mfupa kwa kano yake. Kano ya juu ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi. Hiyo inapita kwenye upenyo mwembamba chini ya mfupa wa begani, na ukiinua mkono juu ya kichwa upenyo huo hubana. Sasa hesabu: kurusha kamba, kujivuta, kunyoosha msumeno wa mpini mrefu kufuata tawi lililo mbali, siku nzima. Kwa wengi wetu kano haikatiki siku moja. Inalika polepole, kama kamba inayosugua gome mahali pale pale. Ila kamba tunaikagua kila asubuhi.

Kwangu ilianza usiku. Mchana nilifanya kazi kama kawaida. Usiku siwezi kulalia ule upande. Nikameza vidonge. Baadaye nikachomwa sindano ya steroidi begani, ikanituliza vizuri mno, na ubaya wake ulikuwa huo huo, maana nilirudi kuchomwa tena na tena ndani ya mwaka mmoja. Sikujua kwamba sindano hizo zikirudiwarudiwa zinaweza kuidhoofisha kano yenyewe. Siku ilipokatika sikuwa nimebeba gogo wala sikuanguka. Nilinyoosha mkono kudaka ncha ya kamba iliyopeperushwa na upepo, nikasikia "ta!" ndani ya bega. Nikashuka kwa mkono mmoja. Jioni ile sikuweza kuweka kikombe kwenye rafu.

Upasuaji wenyewe si hadithi ndefu. Nusu kaputi, matundu madogo, kamera, kisha vigingi vidogo vinapigiliwa mfupani na kano inafungwa kwa nyuzi. Unaamka na mkono wenye ganzi, unaugusa kama wa mtu mwingine. Baada ya hapo wiki sita mkono umening'inizwa shingoni, unalala nusu umekaa, unajifunza kwamba shati huvaliwa kwa kuanza na mkono mgonjwa na huvuliwa kwa kumalizia nao. Zoezi la kwanza linachekesha: unainama, mkono mzima umeegemea meza, ule mwingine unauacha uning'inie na kupembea kama ndoo kisimani. Mtu aliyezoea kushusha matawi mazito kwa kamba, kazi yake ya siku ni kupembeza mkono wake mwenyewe.

Mwezi wa tatu maumivu yakaisha, na mkwezi huharibikiwa hapo hapo. Zile nyuzi hazijaiponya kano. Zimeishikilia tu karibu na mfupa wakati mwili unaiotesha upya, na mwili hauna haraka. Kwa kawaida mazoezi ya kutia nguvu huanza karibu na wiki ya 12. Kazi nzito ya kuinua mikono juu ya kichwa huweza kungoja miezi sita, na palipochanika sana hata mwaka. Maumivu yanaondoka mapema, nguvu inakuja imechelewa, na katikati yake kuna wiki nyingi ambazo unajiona mzima.

Mimi nilipanda wiki ya 14. Bosi aliniambia, "Panda tu ukafunge kamba, msumeno hutashika." Lakini mtini hakuna "tu". Mguu uliteleza, mkono ukadaka tawi bila kuniuliza, uzito wangu wote ukaning'inia pale. Safari ya pili daktari alikuta kano imejivuta nyuma na msuli wake umeanza kugeuka mafuta. Alishona alichoweza. Simlaumu bosi peke yake. Siku ile nilikuwa na hamu ya kupanda kuliko yeye alivyokuwa na hamu ya kunituma, na mtaalamu wa viungo nilikuwa nikimdanganya kwamba niko nyumbani.

Kuhusu kijana wa wiki ya kumi, ningependa kujua alifanyiwa nini hasa. Kuna upasuaji wa kusafisha tu upenyo ule na kupunguza mfupa unaosugua, bila kushona kano. Huyo anaweza kurudi mapema kweli. Kuna mwingine wa kushona ile pete ya gegedu inayozunguka kisahani. Wote wanaitwa "waliopasuliwa bega", nao wanatofautiana kama aliyenyolewa na aliyeshonwa kichwa. Tena si kila mchaniko unahitaji kisu. Kano iliyochanika nusu mara nyingi hutulia kwa miezi ya mazoezi. Na wapo wanaoharibu kwa upande wa pili: mwenzangu mmoja mwenye kisukari aliogopa kuusogeza mkono hata baada ya kuruhusiwa, bega likaganda, akapoteza miezi mingi kulilegeza.

Waajiri husema watampa majeruhi "kazi nyepesi za chini". Zipi? Kuburuta matawi si nyepesi. Kuwasha msumeno wa mnyororo kwa kuvuta ile kamba yake ni adui wa bega lililoshonwa kuliko kupanda ngazi. Kazi nyepesi ni ile ambayo kiwiko kinabaki ubavuni: kukagua miti na kuandika makadirio, kunoa minyororo mezani, kuzuia wapita njia, kuwafundisha wanagenzi mafundo. Kila kikosi kinazihitaji kazi hizo, hasa ya kunoa, ambayo sijawahi kuona ikigombewa.

Na tukirudi juu tupande kwa miguu. Vipo vibanio vya mguuni na vya gotini vinavyoshika kamba, unasimama badala ya kujivuta, mapaja yanafanya kazi ambayo mabega yalikuwa yanaiba. Miaka mingi niliviita vifaa vya wazee. Sasa ni vyangu. Pia nimeacha kunyoosha mkono kufuata tawi. Nahamisha kamba, najisogeza mpaka kazi inakuwa usawa wa kifua. Inanichukua dakika kadhaa zaidi kwa kila mti, na vijana wananung'unika huko chini.

Leo mkono wangu unainuka ukakomea vidole viwili kabla ya sikio. Napanda, ila msumeno wa mpini mrefu nimewaachia wengine.

Msomaji wetu simwombi aniamini. Akimwona yule kijana wake kesho asimuulize kama anaumwa, kwa sababu atasema haumwi. Nami nilisema hivyo hivyo. Amuulize usiku analalia upande gani.

Wako,
Mkwezi wa kamba