Koti Lenye Mfuko Mrefu

Mwanangu mpenzi,

Picha uliyonitumia nimeiangalia mpaka nimeikariri: mmekaa kwenye ngazi za chuo, nyuma yenu ule ukuta wa vioo, magari ya barabarani yanaonekana ndani yake. Unasema kila anayepita langoni hapo amevaa kama mwanamitindo, na wewe ukijiona kwenye kioo unajiona mshamba. Neno hilo limenichoma, mama.

Mimi ni fundi cherehani, nguo naitazama kwa jicho la kazi. Hilo koti jeusi uliloazima halijakukaa. Mabega yamekushukia kama vidole viwili, ndiyo maana umejikunyata. Lakini ndani yake nimeliona shati lako la karakana, mkono wa kulia umeingia wino wa bluu hadi kwenye kiwiko, na kola umeifumua ukaishona upya kichwa chini miguu juu. Nilicheka kwa furaha. Nani alikufundisha ile?

Kuna chuo cha sanaa na ubunifu cha Ujerumani kilichoitwa Bauhaus ambacho habari zake hunifariji. Jengo lake la mjini Dessau, alilolisanifu Walter Gropius, lilifunguliwa mwaka 1926. Karakana zake nazo zilikuwa na ukuta wa vioo, na pembeni palikuwa na jengo la ghorofa lenye vyumba 28 ambamo vijana waliishi na kufanya kazi. Wengi wao walikuwa na hali ngumu. Hata hivyo, Februari 1929 walifanya sherehe ya metali, watu wakaja wamejivika karatasi za bati, vijiko na vikaango! Mavazi hayo waliyabuni kwa mikono ileile iliyoshinda karakanani ikifuma na kufua vyuma. Ndicho ninachokiona kwenye kola yako, na ndicho ninachotaka ukishikilie. Anayenunua mtindo ulio tayari, mwaka ujao atanunua mwingine.

Vaa utakavyo ngazini. Karakanani hapana: skafu vua, nywele funga, viatu viwe vya kufunika vidole. Na yale matambara mnayofutia mafuta ya kitani msiyarundike pembeni, maana yakikauka yamefungamana hupata joto yenyewe hadi yakashika moto. Yatandazeni, au myatie kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Nakuomba hilo kwa mikono miwili.

Koti la watu rudisha. Nimekushonea lako, la kitambaa kizito cha kijivu, mabega kwa vipimo vya mwaka jana. Mfuko wa ndani nimeushusha hadi karibu na upindo ili daftari lako la michoro liingie bila kukunjwa. Bitana nimeishikiza kwa mkono tu, mishono mirefu, ukitaka kuifumua uweke rangi yako isikupe taabu. Kola sijaimalizia. Nimekuachia wewe.

Mama yako